Kupwa na kujaa: Saa zinazomfaa mvuvi wa gatini

MVUVI mwenye mashua huwafuata samaki waliko, lakini anayetupa mshipi kutoka gatini hana budi kuwangoja waje. Kinachowaleta na kuwaondoa ni mwendo wa maji. Ndiyo sababu watu wawili huweza kuketi mahali pamoja, kwa chambo kile kile, mmoja akarudi nyumbani na kitoweo na mwenzake akarudi mikono mitupu, tofauti yao ikiwa saa tatu tu.

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Lamu, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa huchukua takriban saa 6 na dakika 12. Chanzo chake ni mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili huungana na kuleta bamvua. Mombasa, tofauti baina ya kina cha kupwa na cha kujaa hupita mita 3, na katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi kiasi cha mita moja.

Wengi hushikilia kwamba samaki hupatikana maji yakishajaa. Hilo ni kweli nusu. Kina kinahitajika, hasa pale ambapo shina la gati hubaki kavu maji yakipwa, lakini samaki hujali zaidi mwendo wa maji kuliko wingi wake. Mkondo husomba kamba wadogo, simu na vidudu vya baharini. Kolekole na mzia hulijua hilo, nao huvizia kandokando ya mkondo au nyuma ya nguzo za gati, ambako hawalazimiki kushindana na nguvu yake. Maji yakisimama, yawe yamejaa au yamepwa, mawindo hutawanyika na mshipi hulala. Tafi, ambaye hula mwani ulioota kwenye nguzo, hana haja kubwa ya mkondo. Yeye hungoja maji yaufunike mwani huo.

Mwendo huo haulingani saa zote. Mabaharia hukigawa kimo chote katika mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu na ya nne matatu kila moja, ya tano mawili, na ya sita moja. Nusu nzima ya maji, basi, huingia katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua la mita 3, hiyo ni mita 1.5 ndani ya muda mfupi sana. Mkondo huo huinua chubwi jepesi na kuupeleka mshipi chini ya gati, ambako chaza walioshika nguzo huukata kama wembe. Kwa maoni yangu, siku za bamvua zinamfaa mvuvi wa gatini mwanzoni na mwishoni mwa mwendo wa maji, si katikati. Katika maji mafu mambo hugeuka: saa hizo mbili za katikati ndizo pekee zenye mkondo wa maana.

Mahali pa gati nako huamua. Katika mikono ya bahari kama Tudor, Mtwapa na Kilifi, maji yanapojaa huingia mikokoni, na mkizi na changu wadogo huingia nayo kutafuta chakula. Yanapoanza kupwa, wote hao hulazimika kutoka, pamoja na kamba na kaa, na samaki wakubwa huwangoja mlangoni. Aliye karibu na mlango wa mkono wa bahari asikunje mshipi maji yakianza kupwa. Shimoni, mkondo hubanwa baina ya bara na kisiwa cha Wasini, na chubwi zito ni lazima. Malindi ina tatizo lake: msimu wa kaskazi tope la mto Sabaki husukumwa kuelekea kusini hadi ghubani, maji yakawa ya kahawia, na samaki wanaowinda kwa macho huhama hata kama maji yanajaa vizuri.

Jambo linalosahauliwa mno ni kumpandisha samaki. Sakafu ya gati haisogei, bali bahari hushuka. Samaki ambaye maji yakiwa yamejaa angeinuliwa kwa mkono, maji yakipwa huning'inia hewani mita tatu zaidi, na uzito wake wote hubebwa na uzi. Wavu wa duara unaoshushwa kwa kamba huokoa samaki wengi. Usimfuate kwa kushuka ngazi za chini, kwani zile zinazofunikwa na maji kila siku huota mwani na huteleza, na bamvua likiwa linajaa hufunikwa upesi.

Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA) huchapisha majedwali ya kupwa na kujaa. Asiye nayo anaweza kukadiria kwa mwezi. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50 hivi. Siku ya tano ya mwezi, kwa mfano, maji hujaa kama saa moja na dakika 20 usiku. Yataanza kupanda baada ya saa saba mchana, na mkondo utakuwa na nguvu kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Ndani kabisa ya mikono ya bahari, maji huchelewa kidogo kuliko mlangoni.