Kodi ya Buyenzi na Vidonge vya Boston

Katika miaka ya 1950, mwanamke wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, aliyeishi bila mume alidaiwa kodi na watawala wa Kibelgiji. Machoni pa maofisa, mwanamke huyo hakuwa mbali na malaya. Wanawake Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa mji huo, wajane miongoni mwao, walikataa fedheha hiyo wakagoma.

Asiyezaa alibeba shaka mara mbili. Madaktari wa kikoloni wa Afrika ya Kati walipokutana na ugumba walitafuta kisonono na kaswende, na mara nyingi waliyakuta. Endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za mfuko wa uzazi kuota nje yake, hawakuitafuta, maana wataalamu waliihesabu kuwa maradhi ya Wazungu wenye nafasi, waliochelewa kuzaa. Ilikuwa mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alipoonyesha kwamba wanawake weusi wengi walioambiwa wana maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosisi.

Wakati Buyenzi ikibishana na watoza kodi, daktari Robert Kistner wa Boston alikuwa akiwapa wagonjwa wake wa endometriosisi homoni mfululizo, hedhi ikome na mwili udhani una mimba. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1958. Tishu za endometriosisi hufanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila zimeota pasipo pao: juu ya ovari, kwenye mirija, ndani ya nyonga. Hulishwa na estrojeni. Projestini ikizidi, huvimba na kulainika kama wakati wa mimba, kisha hunyauka. Dawa ya danazoli ilikuja miaka ya 1970, ikawaotesha wengine ndevu. Zikafuata sindano za kuzima ovari, zinazomwonjesha kijana joto la mwanamke aliyekoma hedhi.

Maumivu hupungua kweli. Mtoto ni habari nyingine.

Kovu lililoziba mrija haliyeyushwi na homoni. Dawa ikiachwa, tishu huweza kuamka tena. Isitoshe, nyingi ya dawa hizi huzuia yai kupevuka. Depo-Provera, ambayo nchini Burundi inajulikana kama sindano ya uzazi wa mpango, ni projestini vilevile. Anayesaka mimba akiandikiwa, ana haki ya kushangaa, na mama mkwe wake zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unawaambia madaktari wasizime ovari kwa nia ya kuongeza uwezo wa kushika mimba.

Upasuaji wa matundu madogo una ushahidi bora, walau kwa ugonjwa mwepesi. Nchini Kanada, mwaka 1997, wanawake wagumba 341 waligawanywa kwa bahati nasibu. Walioondolewa tishu walishika mimba asilimia 31; waliochunguzwa tu, 18.