Mkuku wa Mwaka 1841: Historia Fupi ya Mystic Seaport na Merikebu Yake

Tarehe 30 Juni 1924, stima iitwayo Sankaty ilishika moto gatini New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kamba zilizoifunga ziliungua zikakatika. Stima ikabaki inaelea yenyewe, inawaka, ikachukuliwa hadi ng'ambo ya pili ya bandari, Fairhaven, ikaenda kugota kwenye merikebu kongwe ya mbao iliyokuwa imekaa bila kazi kwa miaka mitatu. Wazimamoto wa Fairhaven wakaiwahi. Ubavu uliungua ukawa mweusi tii, lakini chombo kikapona.

Merikebu hiyo ni Charles W. Morgan. Wamarekani walikuwa na vyombo vya kuvulia nyangumi zaidi ya 2,700 katika historia yao, na katika merikebu zao zote za mbao za kazi hiyo imebaki hiyo moja tu. Leo iko kwenye Mto Mystic, jimbo la Connecticut, mikononi mwa jumba la makumbusho liitwalo Mystic Seaport, ambalo litatimiza miaka 100 tarehe 25 Desemba 2029. Historia ya jumba hilo haisimuliki bila merikebu hiyo, na merikebu isingekuwapo leo bila jumba. Ndiyo maana hapa nazieleza pamoja.

Waanzilishi walikuwa watatu: Edward Bradley, mwenye viwanda, Charles Stillman, daktari, na Carl Cutler, mwanasheria. Siku ya Krismasi mwaka 1929 walianzisha chama walichokiita Marine Historical Association. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu soko la hisa la New York lianguke, na matajiri wengi walikuwa wameamka maskini. Kuanzisha makumbusho ya vyombo vya tanga wakati kama huo kulihitaji moyo. Mahali walipopata palikuwa na asili yake: kiwanja cha zamani cha ndugu wa ukoo wa Greenman, waliounda merikebu hapo katika karne ya 19. Ardhi ile ilikwisha kuzoea sauti ya tezo na nyundo.

Miaka ya mwanzo walikusanya picha, zana, ramani, vitabu vya safari na mifano midogo ya vyombo. Chombo kikubwa chenyewe kilikuwa bado hakijafika.

Morgan iliundwa New Bedford na ndugu wawili, Jethro na Zachariah Hillman, ikashuliwa tarehe 21 Julai 1841. Urefu wake ni futi 113, upana futi 27 na ushei, na mlingoti wake mkuu unapanda hadi futi 110. Jina ni la mwenye hisa kubwa, Charles Waln Morgan, Mkweka aliyefanya biashara ya mafuta ya nyangumi. Mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa za miji na kulainisha mashine za viwanda kabla ya mafuta ya petroli.

Hapa nasimama kidogo, maana mwaka ule New Bedford ilikuwa na fundi mwingine ambaye jina lake lilikuja kujulikana duniani. Frederick Douglass alikuwa ametoroka utumwani mwaka 1838 akafika mji huo na mkewe. Kazi aliyoijua ilikuwa ya kalafati, kuziba mishono ya mbao za chombo. Alijifunza katika viwanja vya kuundia merikebu vya Baltimore. Mfanyabiashara Rodney French alimpa kazi hiyo kwenye chombo chake, lakini makalafati wazungu wakasema wataacha kazi wote mtu mweusi akigusa ubao. Basi fundi kamili akapasua kuni, akabeba makaa, akafanya kila kibarua alichokipata. Agosti 1841, wiki chache baada ya Morgan kushuliwa, Douglass alisimama kwenye mkutano wa kupinga utumwa huko Nantucket na kuhutubia, na tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye vibarua. Kila ninaposoma habari za merikebu zilizoundwa New Bedford miaka ile, nafikiria mshono ambao mkono wake ulinyimwa kuuziba.

Baharini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Katika safari 37 za Morgan, kati ya 1841 na 1921, walipanda mabaharia zaidi ya 1,000: Wamarekani weupe na weusi, watu wa Cape Verde na Azores, na wenyeji wa visiwa vya Pasifiki. Chusa walichotumia wavuvi wengi tangu katikati ya karne ile, chenye kichwa kinachogeuka kikishaingia mwilini, kilibuniwa mwaka 1848 na Lewis Temple, mhunzi mweusi wa New Bedford. Hakukisajili, na wahunzi wengine wakakiiga bila kumlipa. Baadhi ya manahodha walisafiri na wake zao. Mmoja wao, Honor Earle, mke wa nahodha James Earle, alijua kupima jua na kupiga hesabu za mwendo wa chombo.

Mavuno ya miaka hiyo 80 yameandikwa: mapipa 54,483 ya mafuta, na ratili 152,934 za yale mabamba yanayopindika ya kinywani mwa nyangumi. Jumba la Mystic halizifichi hesabu hizo, na nadhani linafanya haki. Chombo hiki kizuri kilikuwa pia machinjio yanayoelea. Juu ya sitaha palikuwa na jiko la matofali lenye masufuria makubwa ya kuyeyushia shahamu, na moto ulikokwa usiku na mchana juu ya chombo cha mbao.

Baada ya moto wa 1924, mchoraji Harry Neyland, aliyekuwa na hisa katika merikebu, alibisha hodi kwa kila mwenye uwezo. Aliyeitika ni Kanali Edward Green, tajiri ambaye ukoo wa mama yake ulipata mali kwa nyangumi na kampuni yao iliwahi kuimiliki Morgan. Green aliipeleka kwenye shamba lake la Round Hill, South Dartmouth, akaitua kwenye kitanda cha mchanga na kuwaruhusu watu waitazame. Alipofariki mwaka 1936 hakuacha fedha za kuitunza. Miaka miwili baadaye kimbunga kikubwa kikaichapa. Mbao zikaanza kuachana.

Mystic ikajitolea kuichukua. Ilibidi mchanga uchimbwe, maji yaingizwe, chombo kielee tena, kisha kivutwe pwani hadi mtoni. Tarehe 8 Novemba 1941 Morgan ilipita kwenye daraja la Mystic ikiwa imejaa viraka. Mwezi mmoja baadaye Japani ilishambulia Pearl Harbor. Lau shughuli ile ingecheleweshwa hata kwa wiki chache, nani angetoa stima, mafuta na watu wa kuvuta merikebu kuukuu?

Kosa la Green lilirudiwa Mystic kwa nia njema: Morgan ikawekwa tena kwenye mchanga, kama nyumba. Chombo cha mbao hakikuumbwa kukaa hivyo. Majini kinabebwa sawasawa kila upande. Nchi kavu uzito wote unaulemea mkuku, ubavu unatanuka, na maji ya mvua yanaingia kwenye maungio na kuozesha. Mwaka 1973 wakaitoa mchangani ikaelea. Miaka hiyo hiyo jumba likajenga karakana yake, yenye gudi la kunyanyulia vyombo na mafundi wa kudumu. Kwangu mimi, hapo ndipo Mystic Seaport ilipokuwa taasisi kweli. Kabla ya hapo ilikuwa ghala la vitu vizuri. Kuanzia hapo ikawa na mikono, na mikono ile ikapokea wanafunzi.

Kazi kubwa kuliko zote ilianza Novemba 2008, Morgan iliponyanyuliwa kwenye gudi. Ilikaa juu karibu miaka mitano. Mataruma mengi na mbao za ubavu zilizokuwa chini ya mstari wa maji zilibadilishwa. Tatizo la kwanza lilikuwa mti. Mataruma ya merikebu yanataka mbao zilizopinda zenyewe tangu shinani, na mti unaofaa kuliko yote ni ule mwaloni wa kusini usiopukutisha majani, mzito kama chuma. Siku hizi haukatwi ovyo. Mafundi wakafuata njia ya vimbunga: miti iliyoangushwa na Katrina mwaka 2005, na mingine iliyokufa Galveston, Texas, baada ya kimbunga Ike mwaka 2008. Kisha ikatokea bahati. Mwaka 2010, wachimbaji wa msingi wa hospitali huko Charlestown, Boston, walikuta magogo ya mwaloni yaliyozikwa kwenye tope tangu enzi ambazo jeshi la majini lilihifadhi mbao zake kwenye bwawa hapo. Baadhi yalikwishachongwa nusu. Yakapakiwa kwenye malori hadi Mystic, na mbao zilizokatwa kwa ajili ya merikebu za kivita zikaingia kwenye mwili wa Morgan.

Mtu aliyewahi kukaa Lamu au Pemba akiangalia jahazi likitengenezwa hatahitaji mkalimani kwenye karakana ile. Kalafati anapiga goti kando ya ubavu. Anavuta uzi wa pamba, anausukuma kwenye mshono kwa chembeu, anapiga kwa nyundo ya mti. Juu yake anaongeza katani iliyolowa lami, anapiga tena. Anasikiliza. Nyundo inapotoa mlio mkavu, mshono umeshiba. Mlio ukiwa mzito, bado. Ubao mmoja una mishono miwili mirefu, na ubavu una mbao nyingi. Ukiuliza kazi itakwisha lini, mlio ndio unaojibu.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kilichofanyika kabla ya nyundo. Hakuna ubao uliong'olewa kabla ya kupimwa, kupigwa picha na kupewa namba. Miali ya leza ilipitishwa ndani na nje kupata umbo la chombo kama lilivyo, pamoja na kule kujipinda kwa uzee. Eksirei zilipigwa ili misumari na komeo za ndani zionekane bila kupasua mti. Fundi akitoa taruma, ameacha ushahidi wa lilivyokaa, lilivyofungwa na lilivyooza, maana hata kuoza kuna habari: kunaonyesha maji yalikuwa yakiingilia wapi. Kumbukumbu hizi zinaungana na vitabu vya safari vilivyomo maktabani. Katika vitabu vya wavuvi wa nyangumi, kila nyangumi aliyeuawa alipigiwa muhuri wenye picha yake pembeni ya ukurasa. Aliyetoroka aliachiwa muhuri wa mkia peke yake.

Watu huuliza kama hiyo bado ni Morgan ile ile, ikiwa mbao nyingi hivyo zimebadilishwa. Mkuku ni ule ule wa 1841, pamoja na baadhi ya magogo ya chini kabisa ambayo hayakuwahi kuoza. Yaliyopanda juu yamebadilika tangu enzi za uvuvi, kwa kuwa chombo kinachofanya kazi hubadilishwa mbao maisha yake yote. Mafundi wa pwani yetu hawaulizi swali hilo. Kwao chombo ni mkuku wake na mkono wa fundi wake.

Karakana hiyo imefanya na kazi nyingine ninazozithamini. Machi 2000 ilishua Amistad, iliyoundwa kukumbuka schuna ambayo mwaka 1839 Waafrika waliotekwa kutoka Sierra Leone waliiteka, wakaja kushinda kesi ya uhuru wao katika Mahakama Kuu ya Marekani. Mayflower II nayo ilitengenezwa upya hapo kwa miaka kadhaa, ikarudi Plymouth mwaka 2020.

Nikiyaandika haya nafikiria mtepe. Hicho ndicho chombo cha kale cha Waswahili, kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, tanga lake mkeka. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na hakuna hata kimoja kilichohifadhiwa kizima. Ulipojengwa mtepe wa maonyesho ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, mwanzoni mwa karne hii, waliojenga iliwabidi wategemee mifano midogo, picha za zamani na maelezo ya wageni. Kamba zetu tulikuwa nazo, mafundi hodari tulikuwa nao, lakini vipimo kamili vya waliotangulia hatukuwa navyo. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku ile ile Mystic inaposherehekea kuzaliwa kwake, sehemu kubwa ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Sina wivu na watu wa Mystic. Nina hamu ya kuona daftari, futi na kamera mkononi mwa kijana anayekaa miguuni pa fundi wa Pate au Nungwi leo, wakati fundi bado yupo.

Morgan ilishuliwa tena tarehe 21 Julai 2013, siku ile ile iliyoshuliwa mara ya kwanza, miaka 172 baadaye. Kisha jumba likaamua jambo zito: chombo kilichogharimu kazi yote ile kisafiri. Tarehe 17 Mei 2014 iliondoka Mystic kwa safari ya 38, chini ya nahodha Kip Files. Mto una kina kifupi, hivyo shehena ya kuituliza iliongezwa New London. Matanga yakafunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu 1921 Morgan ikaenda kwa upepo. Ilipita Newport, ikaingia Vineyard Haven, ikafika nyumbani New Bedford, kisha Boston. Ndani walikuwamo wasanii, walimu, wanasayansi na wajukuu wa mabaharia wa zamani, kila mmoja akipewa sehemu ya safari aishuhudie na kuandika.

Katikati ya Julai walifika Stellwagen Bank, bahari iliyohifadhiwa nje ya Massachusetts ambako nyangumi huja kula majira ya kiangazi. Nyangumi wakaonekana. Mashua ya kuvulia ikashushwa kama zamani, watu wakashika makasia, wakapiga taratibu kuelekea kule maji yalikopanda. Hapakuwa na chusa ndani. Walipokaribia wakaacha makasia yatulie, wakakaa kimya wakisikiliza wanyama wale wakivuta pumzi.

Tarehe 6 Agosti ilirudi mtoni, na kazi ya kufua maji ya ngama ikaendelea asubuhi iliyofuata.