Ngome ya Kalenga na Ligombo

Mnamo mwaka 1994 kundi la Satyricon la Norway lilitoa santuri yake ya kwanza, Dark Medieval Times: magitaa ya umeme yanayonguruma, na katikati yake gitaa kavu na filimbi. Vijana wale wa bleki metali walitamani enzi za ngome na panga ambazo hata babu wa babu zao hawakuziona.

Sisi wa Iringa hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Ngome ya mawe ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga ilianguka Oktoba 1894, mbele ya mizinga ya Wajerumani. Miaka mia moja tu kabla ya santuri hiyo.

Na ala ya kuimbia mambo hayo ipo: ligombo la Wahehe, ubao uliochongwa kama kihori, ukawambwa nyuzi na kufungwa kibuyu. Sauti yake ni ndogo, asiyenyamaza haisikii. Kwa maoni yangu, vita vya kushindwa huimbika vizuri zaidi hivyo. Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950. Wakati huo fuvu la Mkwawa lilikuwa bado Ujerumani. Lilirudishwa Kalenga Juni 1954.