Mawe sugu ya figo na upasuaji wa tundu dogo

MAWE ya figo hutokea pale chumvichumvi zilizomo katika mkojo zinapogandamana na kuwa vipande vigumu. Mengi huwa madogo na hutoka yenyewe. Yapo, hata hivyo, yasiyoweza kutoka, ama kwa ukubwa wake, ama kwa umbile la figo yenyewe.

La kwanza ni jiwe lenye matawi, lifananalo na pembe za kulungu, ambalo hujaza vyumba vya ndani ya figo. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria wanaovunja urea iliyomo katika mkojo. Jiwe hili laweza kukua bila maumivu makali, huku likiiharibu figo polepole.

Hali ya pili ni ya mtu aliyezaliwa na figo mbili zilizoungana kwa chini, mfano wa kiatu cha farasi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 500. Mirija iendayo kibofuni hupita mbele ya kiungo hicho, hivyo mkojo hutuama na mawe hujengeka kwa urahisi.

Mawimbi ya mshtuko, yaliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980, huvunja jiwe bila kisu. Lakini pale mkojo usipotiririka vema, vipande huweza kubaki humo humo.

Ndipo hutumika njia iliyoelezwa na madaktari Fernström na Johansson wa Sweden mwaka 1976. Mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, daktari huongozwa na eksirei au altrasaundi kupitisha sindano mgongoni hadi ndani ya figo. Njia hupanuliwa kufikia takriban sentimita 1, darubini huingizwa, jiwe huvunjwa kwa leza au mitetemo, na vipande hutolewa. Hupendekezwa hasa kwa mawe yanayozidi sentimita 2.

Upasuaji huu una hatari zake, zikiwamo kutokwa damu na maambukizi. Kwa hiyo mkojo hupimwa kwanza, na bakteria wakionekana hutibiwa kabla ya upasuaji.

Mwenye maumivu ya ubavu yanayoambatana na homa na kutetemeka asikae nyumbani akimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Huenda mkojo wenye usaha umezibwa na jiwe. Hapo mkojo huo hutolewa kwanza kwa mrija, na jiwe husubiri. Kuchelewa kwaweza kugharimu figo, hata uhai.