N!xau, nguzo ya kichekesho cha Kalahari

Filamu ya The Gods Must Be Crazy (1980), iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini, ina kisa cha ajabu: chupa ya Coca-Cola yadondoka kutoka kwenye ndege, yazusha ugomvi katika familia, na Xi afunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia.

Kisa hicho kingechusha mapema kama si N!xau, Msan wa Namibia ambaye hakuwa mwigizaji. Tabasamu lake na utulivu wake humfanya mtazamaji awacheke wenye magari, si yeye. Asipoonekana, filamu hupwaya.

Hata hivyo, filamu ilivuna mamilioni ya dola, naye akaambulia ujira mdogo. Malipo yaliboreka katika sehemu ya pili, mwaka 1989. Alifariki dunia mwaka 2003.