Mshika Ufunguo wa Mlango wa Nje: Historia Fupi ya Uwakala wa Uingereza Mjini Doha

Uwakala wa Kisiasa wa Uingereza mjini Doha ulidumu miaka 22 tu. Ulifunguliwa mwaka 1949, ukakoma tarehe 3 Septemba 1971, siku Qatar iliposhika yenyewe mambo yake yote. Ukiulinganisha na wenzake ni kitinda mimba: Zanzibar ilikwisha kumpokea Kapteni Atkins Hamerton, mwakilishi wa Uingereza, tangu mwaka 1841. Hata hivyo uchanga huo ndio unaoufanya uwakala wa Doha ustahili kuelezwa. Uingereza iliandikiana na ukoo wa Al Thani mwaka 1868, ikafunga nao mkataba wa himaya mwaka 1916, na bado mtu wake hakupata makazi Doha mpaka mwaka 1949. Wako wasemao kwamba Qatar haikuwa koloni, hivyo hakuna cha kukumbukwa. Wako pia wasemao kwamba ulikuwa ni ugavana uliovikwa kanzu ya urafiki. Ushahidi unaelekea kwingine. Wakala wa Doha alikuwa mshika ufunguo wa mlango wa nje: vyumba vya ndani havikuwa vyake, lakini mgeni haingii wala mwenyeji haendi kufunga mkataba ng'ambo bila yeye kuridhia. Na ufunguo huo hakuupora. Alikabidhiwa kipande kwa kipande, kwa mapatano ambayo kila upande ulijua unachouza na unachonunua.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na maneno ya kuyapimia mambo haya. Mwambao wa Afrika Mashariki ulimjua liwali, mtu wa Sultani katika miji kama Mombasa na Lamu. Ukamjua gavana, aliyetumwa Kenya na Tanganyika kutunga sheria, kutoza kodi na kufunga watu kwa jina la mfalme wa Uingereza. Unguja ikamjua balozi, jina ambalo watu walimwita mwakilishi wa Uingereza aliyekaa kando ya Sultani, ingawa tangu himaya ya mwaka 1890 neno lake lilikuwa zito kuliko la Sultani mwenyewe. Neno hilo la tatu ndilo linalotufikisha Doha. Wavenisi walimwita mjumbe wao mjini Istanbul «bailo». Waturuki wakalitamka «balyos». Waarabu wa Ghuba wakapata «balyoz», jina walilompa mwakilishi wa Mwingereza. Nasi tukapata balozi. Ni neno moja lililosafiri kwa bahari moja, likitaja kazi moja: kukaa katika mji wa mtu mwingine ukiwa na nguvu za mfalme asiyeonekana.

Hata watu wenyewe waliizunguka bahari hiyo. Lewis Pelly alikuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja mwaka 1861 na 1862, katika zama za Sultani Majid, mara tu baada ya uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, kuitenga Unguja na Omani. Kutoka Unguja alipelekwa Bushire, pwani ya Uajemi, akawa Mkaazi Mkuu wa Kisiasa, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza, katika Ghuba. Ni yeye aliyekutana na Mohammed bin Thani, mkuu wa ukoo wa Al Thani, baada ya majeshi ya Bahrain na Abu Dhabi kuishambulia miji ya Doha na Wakra mwaka 1867. Katika hati ya tarehe 12 Septemba 1868, Mohammed aliahidi kutotoka baharini kwa vita na kupeleka ugomvi wake kwa Mkaazi. Hapo ufunguo ulianza kuhama. Mohammed hakumpa Mwingereza ardhi wala ushuru. Alichotoa ni haki ya kupigana baharini. Alichopata ni kutambuliwa kuwa msemaji wa Qatar, jambo ambalo watawala wa Bahrain, waliozoea kudai haki zao huko, hawakulipenda. Malkia Victoria hakuhusika moja kwa moja. Mkaazi wa Bushire aliandika Bombay, na baadaye kwa serikali kuu ya India, na India ikaandika London. Mfalme wa mbali alifika Ghuba akiwa amepitia mikono mingi, na mikono ile ilikuwa ya India.

Uzoefu uliofuata uliwafundisha Al Thani tofauti ya bendera na afisa. Mwaka 1871 jeshi la Osmania lilifika Doha katika msafara ulioandaliwa na Midhat Pasha, liwali wa Baghdad. Jassim, mwana wa Mohammed, alikubali kupandisha bendera ya Sultani wa Istanbul na baadaye akapewa cheo cha kaimakamu, yaani mkuu wa wilaya chini ya Osmania. Alikubali cheo kwa kuwa kilimpa kinga dhidi ya majirani. Waosmania walipotaka kuweka forodha na maafisa wao Doha, alikataa. Ugomvi huo uliishia katika mapigano ya Al Wajbah, Machi 1893, ambapo askari wa liwali wa Basra walishindwa. Kikosi kidogo cha Waturuki kilibaki ngomeni, lakini utawala wa ndani haukuwa wao. Waosmania na Waingereza waliandikiana Julai 1913 kwamba Istanbul ingeacha madai yake juu ya Qatar. Jassim alikuwa amefariki siku chache kabla. Agosti 1915, vita vikuu vikiendelea, askari wa mwisho wa Osmania waliondoka Doha.

Mkataba wa tarehe 3 Novemba 1916, kati ya Sheikh Abdullah bin Jassim na Percy Cox, Mkaazi wa wakati huo, ndio kiini cha ushahidi wetu. Sheikh alikubali kutokuwa na uhusiano na dola nyingine, kutotoa ardhi, na kutompa mtu leseni ya lulu wala ukiritimba wowote, bila ridhaa ya Uingereza. Uingereza nayo iliahidi kumlinda dhidi ya mashambulizi ya baharini. Mlango wa nje ulifungwa hapo, ufunguo ukawa wa Mwingereza. Lakini vilikuwamo vifungu vitatu, cha 7, cha 8 na cha 9, vya kuruhusu raia wa Uingereza kukaa na kufanya biashara, wakala kuishi Doha, na posta na simu za waya kuanzishwa. Abdullah hakuvitaka. Cox alikubali viwekwe kando mpaka Sheikh mwenyewe aone vyema. Kwa miaka 33 mambo ya Qatar yakasimamiwa na wakala aliyekaa Bahrain, ambaye alivuka bahari alipohitajika kisha akarudi. Anayesema watawala wa Ghuba walikuwa vikaragosi tu anapaswa kueleza vifungu hivi vitatu. Dola iliyoitawala India ilisubiri thuluthi ya karne kupata nyumba moja katika mji wa wazamia lulu.

Itajibiwa kwamba ilisubiri kwa sababu Doha haikuwa na kitu cha kupigania. Hoja hiyo ina ukweli, na inasaidia kueleza yaliyofuata. Katika miaka ya 1930 lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia viliiangusha biashara ya lulu, na Qatar ikaingia katika njaa na uhamaji. Mei 1935 Abdullah alitoa kibali cha mafuta cha miaka 75 kwa kampuni ya Anglo-Persian, akapokea rupia 400,000 wakati wa kutia saini. Pamoja na kibali hicho alidai na kupata ulinzi hata wa nchi kavu, na mwanawe Hamad akatambuliwa kuwa mrithi. Mafuta yalipatikana Dukhan kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kusimamisha kazi, na shehena ya kwanza iliondoka siku za mwisho za mwaka 1949. Agosti mwaka huohuo Abdullah alijiuzulu, Ali bin Abdullah akashika nafasi, kwa kuwa Hamad alikwisha kufariki. Wakati huo ndipo vile vifungu vitatu vilipopewa uhai, na wakala akapata makazi Doha. Mpangilio wa matukio ni wazi: kwanza kisima, kisha kiti cha mtawala mpya, kisha nyumba ya wakala. Kilichomleta mwakilishi wa mfalme ni mapipa.

Alipokuja alifanya nini? Alisimamia mahakama iliyohukumu raia wa Uingereza na wageni wengi wengine wasio chini ya Sheikh, kwa amri zilizotolewa London kwa jina la mfalme. Kwa Waunguja hili halikuwa geni: karne moja nyuma, mwaka 1860, Christopher Rigby, mwakilishi wa Uingereza huko, alitumia mamlaka kama hayo juu ya Wahindi wa Unguja kuwaachia huru maelfu ya watumwa wao. Wakala alishughulikia viza na mawasiliano yote ya Doha na dola nyingine. Posta ya Uingereza ilifunguliwa, na tangu mwaka 1957 stempu zenye uso wa Malkia Elizabeth II zikapigwa chapa jina la Qatar juu yake. Barua ya mfanyabiashara wa Doha ilibeba sura ya malkia ambaye hakuwa amekanyaga mchanga wake. Yeye alifika Februari 1979, uhuru ukiwa na zaidi ya miaka saba. Lakini Waqatari wenyewe walihukumiwa kwa sharia na kwa neno la Sheikh, na fedha za mafuta ziliingia mikononi mwa Sheikh. Washauri na maafisa wa polisi wa Kiingereza walikuwapo, wakiwa waajiriwa wa mtawala. Gavana wa Nairobi asingekitambua kiti hicho kuwa chake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utumwa, nalo linawahusu wasomaji wa lugha hii kuliko lingine lolote. Watu wengi wa asili ya Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba, wakazamia lulu na kutumika majumbani. Waliotoroka waliweza kwenda kwa mawakala wa Uingereza katika vituo kama Bahrain, Maskati na Bushire, wakaomba hati ya uhuru, na maelezo waliyoyatoa yamehifadhi majina na safari ambazo zingepotea. Mwaka 1952 Sheikh Ali alipiga marufuku utumwa nchini Qatar na kuwalipa fidia wamiliki, baada ya mashauriano na Waingereza. Je, si hoja tosha ya kumshukuru wakala? Hati zile zilikuwa wokovu kwa waliozipata, na haitakuwa haki kulificha hilo. Lakini mkataba wa 1916 ulikataza biashara ya watumwa, na utumwa wenyewe ukaendelea miaka 36 chini ya himaya ileile. Baadhi ya watumwa walifanya kazi katika mafuta huku wamiliki wakichukua sehemu kubwa ya ujira wao. Mshika ufunguo alijua kusisitiza ridhaa yake juu ya lulu na ukiritimba mwingine wowote siku ya kwanza. Uhuru wa mwanadamu aliusisitiza fedha zilipopatikana za kuununua. Leo Nyumba ya Bin Jelmood, katika mtaa wa Msheireb, ni jumba la makumbusho la historia hiyo, na Mswahili akiingia humo anaisoma pia habari ya pwani yake.

Linabaki swali la Unguja. Balozi wa Unguja naye alianza kwa mapatano, mbona akaishia kuwa bwana? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliishambulia kasri, kwa sababu Khalid bin Barghash alishika kiti bila ridhaa ya Mwingereza. Doha haikuona hayo, ingawa huko nako mrithi alihitaji kutambuliwa. Tofauti haikuwa katika tabia za maafisa, kwani walikuwa watu walewale wa shule ileile. Unguja ilikuwa na forodha yenye mapato, karafuu, na bara kubwa nyuma yake lililogombewa na Wajerumani, hivyo ilifaa kutawaliwa. Doha ilipopata utajiri, mwaka wa 1947 ulikuwa umepita, India ilikuwa huru, na mlolongo wa mikono uliomfikisha mfalme Ghuba ulikuwa umekatika katikati. Wakala wa 1949 alikuja na ufunguo bila jeshi la Bombay nyuma yake. Kule kukawia alikokudai Abdullah, kwa sababu zake mwenyewe, ndiko kulikoiokoa Doha na gavana.

Januari 1968 London ilitangaza kwamba ingeondoka Ghuba ifikapo mwisho wa 1971. Septemba 3, 1971 mkataba wa 1916 ulifutwa, ukaandikwa mwingine wa urafiki. Edward Henderson, wakala wa mwisho, akawa balozi wa kwanza wa Uingereza mjini Doha. Mtu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia siku hiyo Qatar iliweza kupokea mabalozi wa nchi yoyote, na kutuma wa kwake, pasipo kumwomba Mwingereza ruhusa. Tangu mwaka 2007 siku ya taifa imekuwa 18 Desemba, kumkumbuka Jassim aliyeshika uongozi mwaka 1878. Ni haki ya Waqatari kuchagua siku ya mwanzo kuliko siku ya kuondoka mgeni. Ila 3 Septemba isisahauliwe. Kiswahili kilimwita balozi yule wa Unguja aliyeamrisha, na kinamwita balozi huyu wa leo anayebisha hodi na kusubiri aitikiwe. Karne nzima ya historia imo katika hatua moja kati ya hao wawili, na Doha iliivuka siku ufunguo uliporudi kwa mwenye nyumba.