Tarehe ya Furu, Sangara na Mapanki

Sisi wa Nyakato, Mwanza, viwanda tumevizoea. Kiwanda cha nguo cha Mwatex, hapo barabara ya Musoma, kila mzee wa mtaa ana habari zake: nani alisokota uzi, mashine zilinyamaza lini. Viwanda vya samaki hatujavitungia tarehe, labda kwa sababu ya harufu.

Tuanze na furu. Mwaka 1976 kilijengwa Mwanza kiwanda cha kuwasaga samaki hao wadogo wenye mifupa mingi wawe chakula cha kuku. Wakubwa waliamini furu hawatakwisha ziwani. Kumbe sangara, mlaji wa furu aliyepandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, yuko njiani. Kufika katikati ya miaka ya 1980 nyavu za ghuba yetu zilitoka na sangara watupu, na kinu cha furu kikakosa cha kusaga.

Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu. Mlangoni unakanyaga maji ya dawa, umevaa buti jeupe na kofia. Ndani ni baridi na maji yanayochuruzika. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinafuata uti wa mgongo mpaka mkiani. Samaki anageuzwa, kisu kinarudia. Mnofu unaingia kwenye barafu, safari ya Ulaya. Bondo, yaani kibofu chake cha hewa, linakwenda China. Kichwa na mifupa ndiyo mapanki, fungu letu: yanaanikwa, yanakaangwa, yanauzwa. Kisumu wanayaita mgongo wazi, jina la ukweli zaidi, nadhani. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa sababu ya uvuvi wa sumu, visu vikapumzika, na kikaango cha mapanki nacho kikapoa.

Siku hizi sangara amepungua, na baadhi ya viwanda vimefunga milango. Kwingine kiwanda kilichofungwa hutunzwa: Stavanger, Norwei, kiwanda cha sadini cha mwaka 1916 ni makumbusho tangu 1982, na tanuri lake bado huwashwa, wageni wakaonja. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatazama zaidi karne ya 19 kurudi nyuma. Kiwanda cha juzi kikifa, wanakuja watu wa vyuma chakavu.

Mimi ukuta wa bati nisingeugombania. Ningeomba itunzwe meza moja ya kukatia, daftari la mizani, jozi ya buti, na kichanja kimoja cha mapanki. Hicho kichanja wasikisafishe.